Ringi Nne za Mkunga

Asubuhi ile watu wawili walimwambia Mkunga anapoteza muda. Wa kwanza alikuwa mume wake.

"Mke wangu, gurudumu likivuka geti tu limeshachafuka. Unaogesha kitu kinachokanyaga matope?"

"Na wewe mbona unaoga?" akamjibu, akaendelea kujaza ndoo.

Wa pili alikuwa Fundi, jirani yao, mtengenezaji wa magari ambaye watoto wake wote wawili walipokelewa duniani na mikono ya Mkunga. Alichungulia juu ya ukuta. "Mama, lipige maji, futa, basi. Ringi nyeusi hata uisugue wiki nzima ni nyeusi tu."

Mkunga hakubishana. Miaka thelathini na minne ya kuzalisha ilimfundisha kwamba hakuna kitu kinachoitwa safi kiasi. Gari hili la mtumba, la kwanza maishani mwake, alilinunua alipostaafu, na kesho yake alikuwa aende nalo kwa dada yake mkubwa, huko milimani. Asingefika mbele ya dada na gari lenye miguu michafu.

Akaketi kwenye stuli mbele ya gurudumu la kwanza. Vumbi la breki lilikuwa limeganda kama masizi kwenye sufuria. Akapaka povu, akaliacha lilainishe, akasugua kwa brashi, kisha akaingia kwenye pembe kwa mswaki mkuukuu. Maji yalitoka meusi tititi. Akasuuza, akarudia. Mara mswaki ukafungua kijistari kimoja king'aavu, chembamba kama ukucha.

"Baba! Njoo! Njoo mbio!"

Mumewe alitoka na kandambili ya mguu mmoja. "Umeumia?"

"Si nyeusi! Ringi zangu zina rangi ya fedha!"

Mzee akainama, akavaa miwani, akaguna. Dakika mbili baadaye alikuwa amekunja suruali na ameshika brashi, akiulizia povu zaidi. Kufika adhuhuri magurudumu matatu yalikuwa yanametameta, na wazee wale wawili walikuwa wamelowa chapachapa, wanachekana kama watoto waliofungulia bomba.

La nne, la nyuma kushoto, likagoma. Povu, brashi, mswaki, wapi! Weusi haukutoka.

"Hili limekula yamini," mzee akasema.

Lakini Mkunga alikuwa ameacha kusugua. Alikuwa anahesabu. Ringi zile tatu zilikuwa na mikono mitano ya chuma kila moja, kutoka kitovuni hadi ukingoni. Hii, sasa matope yalipotoka na kuacha weusi wa rangi tu, ilikuwa na sita.

"Fundi! Hebu ruka huku!"

Fundi akaja anacheka, akachuchumaa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Aligusa nati moja kwa vidole viwili, ikazunguka. Akagusa nyingine, nayo ikazunguka.

"Mama, hii si ringi ya gari hili. Aliyekuuzia ameokota popote akabandika. Nati hazikai kwenye matundu yake, ndiyo maana zinalegea."

"Na kesho ningepanda nayo mlima."

"Mlima wenyewe usingeumaliza."

Roho ikamruka Mkunga, halafu ikarudi na furaha ya ajabu, ileile aliyoijua katika chumba cha uzazi mtoto aliyechelewa kulia anapopiga ukelele. Akapiga makofi. "Sasa mnatazamana nini? Leteni jeki!"

Tairi la akiba lilikuwa chini ya zulia la buti, na ringi yake, kumbe, ilikuwa ya gari lenyewe, mikono mitano. Fundi akalipima upepo, akalifunga, akakaza nati zote za gari moja baada ya nyingine.

"Mwenda bure si mkaa bure," mzee akamwambia, kifua mbele kana kwamba kusugua lilikuwa wazo lake. Fundi akaomba radhi, kisha akaomba mswaki.

Kesho yake wakashika njia. Kulikuwa na jambo Mkunga hakuwahi kumwambia mtu: tangu alinunue, gari likishika kasi alihisi mtetemo kwenye usukani, naye akadhani ni mikono yake, uzee umeanza kuidai. Walipoingia barabara ya lami akaongeza mwendo kidogo, akasubiri. Usukani ulitulia tuli.

"Baba! Itazame mikono yangu!"

"Wewe tazama barabara!" mzee akapiga kelele, huku yeye mwenyewe akiitazama.