Ngazi ya Juu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani wa ploti yetu, jengo la ghorofa kule Kware, husema nikitoka nje jua huniomba kitambulisho. Kazi yangu ni kubadilisha zipu za jaketi za mitumba zinazoletwa kutoka soko la Gikomba, na kazi hiyo haimlazimu mtu kushuka kutoka ghorofa ya sita ila sukari ikiisha. Mama naye hashuki kabisa. Tangu apooze upande mmoja amekuwa akiishi nami, kwenye kiti cha plastiki dirishani. Dirisha letu linatazamana na la ploti ya pili, karibu mno hivi kwamba tunajua wanapika nini na nani amekataa kula.

Kwa hiyo nyumba ilipoungua mtaa wa jirani, na shirika moja likaja kutufunza mambo ya moto, nilikuwa na swali moja tu. Kukiwaka huko chini, mama anashukaje?

Mwalimu alikuwa bwana mpole aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi. Kila ghorofa ilipewa kitabu cha mwongozo, kwa Kiswahili safi cha maofisini. Sheria ilikuwa moja: kila uamuzi uwe na ukurasa. Yeye anasoma kadi, moshi umeonekana mahali fulani, mtungi wa gesi umelipuka, nasi tunafunua kitabu, tunataja ukurasa, ndipo tunaamua. Ukiamua kwa akili yako tu, ghorofa yako inakatwa alama.

"Mbona hivyo?" akauliza keateka, mwangalizi wa ploti.

"Mtu akiwa na hofu, akili humdanganya. Kitabu hakina hofu."

Niliipenda hiyo. Mimi nina hofu ya kutosha vitabu kadhaa. Halafu wakanichagua msimamizi wa ghorofa ya sita, na sifa zangu zilisomwa na mama mboga anayeuza sukuma pale mlango wa ploti.

"Huyu ni siku gani hayuko? Hata moto ukija utamkuta amekaa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Jumamosi ya zoezi lenyewe filimbi ililia, nikafungua kadi yangu. Moto uko ghorofa ya pili. Mtu mmoja wa ghorofa ya sita hawezi kutembea. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilifunua kitabu mbio kama kwamba moshi ulikuwa umeshafika, nikapata mstari wetu: *Suala la wasioweza kutembea lishughulikiwe katika ngazi ya juu.*

Keateka akausoma akichungulia begani mwangu. Majirani wawili wa mjengo, vibarua wa ujenzi waliokuwa wamejitolea kubeba, nao wakausoma.

"Ngazi ya juu ni ile ya kwenda rufu," keateka akasema, akionyesha ngazi za kupanda paani.

"Lakini moto hupanda."

"Uko na ukurasa wa hiyo?"

Sikuwa nao.

"Basi buda, wacha kutukatisha alama. Shikeni mathe."

Wakamwinua mama na kiti chake. Watoto na mama zao walitupita wakishuka, wakicheka.

"Baba," mama akasema. Huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la babake. "Si watu wanashuka?"

"Sisi tunapanda, mama. Kitabu kimesema."

"Kitabu cha nani?"

Walimweka kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, kisha wakateremka mbio wakahesabiwe, wasije wakaandikwa maiti. Mama hakuwa ameona anga yote tangu aje kwangu. Akazungusha macho juu ya mapaa hadi mtaa wa Pipeline, kila paa na nguo zake.

"Kumbe Nairobi ni nguo tu," akasema.

Kipaza sauti kikasikika kutoka chini: "Wote salama. Hongereni." Makofi yakapigwa.

Mama akanigeukia. "Nilipona?"

Nikachungulia ukingoni. "Mwalimu, mama yuko huku."

Akainua uso, akajikinga jua kwa mkono. Akauliza nani aliyeamua. Nikamtajia ukurasa. Akaufunua wake, akausoma, akatikisa kichwa.

"Hapana, ndugu yangu. Ngazi ya juu ni wakubwa. Mnawapigia simu."

"Wakubwa gani?"

Alifunua kwa muda. Mwishowe akasoma kwa sauti ndogo, tena kwenye kipaza sauti: "Nambari itajazwa."

"Mwambie apige kelele hukohuko," mama mboga akamwambia mwalimu. "Wakubwa watasikia."

"Wanasemaje?" mama akaniuliza.

"Bado wanatafuta ukurasa."

Soda na mkate vikaanza kugawanywa. Niliwaita wale wawili wa mjengo, wakajibu "tunakuja, buda" kwa midomo iliyojaa. Nikangoja. Jua likamgeukia mama usoni, na hakuna aliyekuja. Nikachuchumaa, nikampandisha mgongoni.

Tulishuka tukipumzika kwenye kila mtungi wa maji ulioachwa kwenye korido. Alinining'inia shingoni kwa mkono wake mmoja unaomtii.

"Ungekuwa unatoka nje kidogo ungekuwa na miguu," akaniambia sikioni.

Magoti yangu yalinifikisha mlangoni kwetu, yakagoma. Tulikaa sakafuni wote wawili, na mbele yetu ngazi ziliendelea kushuka ghorofa zote zile zilizobaki.

Baadaye shirika lilituma karatasi ndogo ya kubandikwa juu ya mstari ule. Keateka aliibandika vizuri, hata haikujikunja. Sasa mstari unasema suala la wasioweza kutembea lishughulikiwe katika ngazi husika.

Nilimsomea mama.

"Husika ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akayatazama magoti yangu kwa muda, kisha akageukia dirisha. Ng'ambo walikuwa wakikaanga omena.