Telephone Moja, Pesa ya Wamama Kumi na Mbili

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mvua yenye bado haijatoka mu kichwa yangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Leo uko na miaka tatu, unavuta kalamu wakati ninaandika, donc hutasoma hii haraka. Lakini naiandika sasa, juu ya najijua: nikingoja, nitaisahau, na kusahau njo kulinileta mu taabu yenye nataka kukuelezea.

Nilikuwa nauza mèches, nywele za kusuka. Boutique yangu ilikuwa telephone. Napiga picha, naweka mu statut wateja waone, mteja wa mitaa ya Kabondo ao Tshopo anaandika, ananiita dada: «Ya Safi, hiyo ya brune bei gani?» Ananitumia pesa kwa telephone, na mimi namtumia mzigo kwa toleka, baiskeli ya kukodi. Mali ilikuwa inatoka Kinshasa na ndege, naenda kuichukua kwa uwanja wa ndege, Bangboka.

Pembeni ya ile, nilikuwa nashika likelemba ya wamama wa avenue yetu. Walikuwa kumi na mbili. Kila siku ya posho, Jumamosi, kila mama anatoa kiasi kile kile, na yote inaenda kwa mmoja, kwa zamu. Walinichagua mimi juu ya nilimaliza secondaire na nilikuwa na telephone ya muzuri. Walikuwa wananitumia mu namba ile ile ya mèches. Nilijiambia, kushika namba mbili ni kupoteza wakati.

Kisha mama mmoja mwenye kufundisha wasichana kusuka akaniambia atanunua kwangu kila mwezi, lakini anataka facture, hati ya mauzo, ya mutu mwenye kujulikana kwa leta, kwa serikali. Nikakimbia ofisi ya impôt, ya kodi, mimi mwenyewe, mvua inanyesha, bila mutu kuniita. Agent akaniuliza: mwaka jana uliuza kiasi gani, ulitumia kiasi gani, cahier ya hesabu iko wapi?

Nikacheka. «Papa, cahier ya nini? Yote iko mu telephone.»

Nikamupa karatasi nilizochapisha za pesa yenye iliingia na yenye ilitoka. Alikuwa mutu mpole, miwani chini ya pua. Akahesabu yenye iliingia, ukurasa kwa ukurasa, kisha akanigeuzia machine ya kuhesabu nione. Mwanangu, ile chiffre ilikuwa ya mutu tajiri.

«Ni yako hii?»

«Hapana, papa. Ingine ni ya likelemba.»

«Gani?»

Nikatazama karatasi. Mama Asha alikuwa mu likelemba, na tena alikuwa mteja wangu wa mèches. Wengine watano vile vile. Jina moja, namba moja, siku ya posho. Hii ni ya nywele ao ni ya zamu? Sikujua.

«Na matumizi?»

Fret, nauli ya mizigo kwa ndege, nililipa mkononi. Wabebaji wa Bangboka, mkononi. Toleka, mkononi. Sikuwa na karatasi hata moja.

Hakukasirika. Akasema tu: «Ma fille, siwezi kuandika yenye uko nayo mu kichwa. Nakupa juma mbili. Ukirudi bila kitu, yote yenye iliingia nitaihesabu kama mauzo yako.»

Kulipa juu ya ile chiffre ilikuwa kuuza mèches zote mpaka ya mwisho, na bado isitoshe. Biashara yangu ilikuwa inakufia pale mu ofisi, na mimi nimeileta kwa miguu yangu.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda toleka mpaka Kabondo, kwa tonton Ramazani, kaka mukubwa wa papa yangu. Ni mushonaji. Alikuwa kwa barza, mguu juu ya machine.

«Directrice amefika!» akasema. «Eh, na leo directrice analia?»

Nikamuelezea yote kwa haraka. Hakuacha kushona. Kisha akaniuliza:

«Hiyo nywele juu ya kichwa yako, iko bei gani?»

«Tonton, si wakati wa kucheka.»

«Nani anacheka? Bei gani?»

Nikataja bei ya Kinshasa.

«Bon. Na hapa nani aliileta, malaika?»

«Ndege.»

«Ndege ya bure?»

Nikataja fret. Akauliza nani aliishusha. Nikataja wabebaji. Akauliza ilitoka Bangboka na miguu? Nikataja moto, pikipiki. Akauliza mufuko, unités za telephone za kutuma picha, toleka wa kufikisha kwa mteja, na ule mteja mwenye alibishana mpaka nikapunguza. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, na vidole vilipoisha nikaanza kulia kweli. Kwa paketi ingine faida yangu ilikuwa ya kununua mandazi mbili. Kwa paketi ingine, mimi njo nililipa mutu avae nywele. Mwaka mzima! Na mu statut nilikuwa najiita patronne.

Tonton akainama, akatoa cahier chini ya machine, imefungwa mu kipande ya kitambaa. Kila siku iko na mustari yake. Kushoto yenye iliingia, kulia yenye ilitoka: uzi, sindano, mafuta ya machine, hata kipande ya sabuni. Na karatasi ndogo zimeshonwa na uzi pembeni ya ukurasa, juu ya yeye gundi hana. Nikaona pahali ameandika: Ijumaa, mvua, sikushona, sikupata kitu.

«Juu ya nini unaandika hata siku yenye hukupata?»

«Juu ya siku yenye haiko mu cahier, mutu mwingine atakuja kukujazia. Leo uliona ginsi anajaza.»

Kisha akasema kesho niende kwa wamama, kila mmoja aseme alitoa lini na atie sahihi.

«Kwa wamama hapana, tonton.»

Akasimamisha machine. Akanitazama. Nikamuambia yenye sikuambia mutu: mara tatu fret ilinikuta sina kitu, nikalipa na pesa ya likelemba. Niliirudisha mbele ya siku ya posho, kila mara. Hakuna mwenye alijua.

«Bon,» akasema. «Utaanza na hiyo.»

Wamama walikutana kwa Mama Bolumbu, muuzaji wa kwanga, mikate ya muhogo, mukubwa wao wote. Nilipotaja impôt, Mama Asha akaruka.

«Jina yangu kwa leta? Jamais! Mimi nauza ndizi tano, wanataka kukata gani?»

«Wataikata ile moja yenye uliila asubuhi,» mwingine akamujibu, na wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nikawaambia habari ya fret, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kicheko kikakatika.

Mama Bolumbu akaniuliza: «Ilirudi?»

«Ilirudi yote, mama.»

«Na kama ile ndege ilianguka na nywele zako?»

Ile swali naisikia mpaka leo, mwanangu.

Hakunitukana. Alisimama, akafunga mlango wa nyumba yake tuone nyuma yake. Yeye hakusoma, hajui kuandika hata jina. Lakini nyuma ya mlango kulikuwa alama za makala, za mkaa: kila posho mistari kumi na mbili, na duara kwa mwenye zamu. Mwaka mzima. Mimi mwenye diplome nikapiga magoti chini, nikaanza kunakili makala ya mama mwenye hajasoma.

Tisa walitia sahihi ao kidole. Watatu walikataa, na Mama Asha alikuwa wa kwanza. Bangboka nilipata nakala za fret za miezi minne tu. Toleka, wabebaji, hakuna mwenye alinikumbuka.

Agent alipokea. Akaondoa mu hesabu pesa ya wale tisa, akatoa fret yenye iko na karatasi. Ya wale watatu ilibakia juu yangu, na matumizi yote mengine yakapotea. Niliuza congélateur yangu, friji ya barafu, nikalipa. Biashara haikukufa, lakini ilikonda, na miezi mingi nilianza upya na paketi tano tano.

Likelemba waliiondoa kwangu. Mama Bolumbu alikuja kuniambia mwenyewe. «Safi, pesa ilirudi. Lakini sisi hatukujua ilitoka.»

Basi nisikilize. Ukiuza kitu, hata kalamu, andika siku ile ile, mbele ya kula. Kama mutu hana facture, chukua karatasi, aandike kiasi na jina, atie kidole. Pesa yako iwe na namba yake, pesa ya watu iwe na namba yake, hata kama ni kero, na ni kero kweli, mimi nakasirika kila juma. Andika yenye ilitoka sawa vile unaandika yenye iliingia, maana kwa ile njo utajua kama unauza ao unagawa. Hata siku ya bure, iandike.

Mimi leo niko mu likelemba, natoa kama wengine. Kila posho napeleka changu kwa Mama Bolumbu. Siku hizi muzukulu wake anamuandikia. Wengine wanaweka pesa mezani na kwenda. Mimi, mama ananisogezea cahier. «Safi, weka sahihi.» Wenzangu wananitazama, miaka yote hii. Naweka sahihi, na naweka tarehe pembeni, bila yeye kuniuliza.

Mungu akupe mikono ya kupata, mwanangu, na mutu wa kukuuliza maswali mapema kuliko mimi. Na siku watakufungulia cahier mbele ya watu, ukae tu pale kwa kiti yako, usitafute mlango wa kutorokea.