Karanga Zilizofungwa kwa Dodoso

Juzi nilipita geti la chuo kule kwetu Temeke, nikanunua karanga. Zimo kwenye kibahasha cha kaki, kisafi, hakina hata herufi. Nikakigeuza huku na huku natafuta cha kusoma. Muuzaji akaniuliza, "Sista, umepoteza nini?" Nilitaka kumjibu vibaya, nikajizuia.

Sie tuliokulia mtaa ule, karanga zetu zilikuwaga na maneno. Kila nyumba ilipangisha wanachuo. Mitihani ikianza redio zinazimwa, hata jirani mwenye kuku anamfokea jogoo wake. Chuo kikifungwa wanatuachia notsi zao kwenye boksi la koridoni, bibi anazisokota kufungia karanga. Mie kusoma nimejifunzia humo, si shule. Nilijua "mfumuko wa bei" kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Sasa siku hiyo boksi tupu, bibi anakaanga, ananiita, "We mtoto, karatasi, zitaungua hizi." Nikaingia chumba cha uani, kwa dada mwanachuo aliyepanga kwetu. Alikuwa hafungagi mlango, alituamini. Nikabeba bunda lililokuwa juu ya begi. Tukafunga, tukauza mpaka adhuhuri.

Dada akarudi kuchukua dodoso zake. Mwezi mzima alishinda machinjioni Vingunguti akiwahoji wachinjaji, majibu yote kwa mkono, na saa kumi anatakiwa kuyapeleka kwa mwalimu wake. "Bibi, shikamoo. Karatasi zangu ziko wapi?" Sauti nyembamba. Bibi akamwonyesha sinia la karanga.

Tukaingia mtaani wote watatu kuzisaka. Fundi cherehani tulimkuta anatafuna. Dada akammwagia karanga mapajani, akaondoka na karatasi. "We binti, hizo nimelipia," fundi akalalamika. Nyingine zimekanyagwa, nyingine tumezitoa mtaroni zinachuruzika. Saa kumi inafika, hata nusu hatuna.

Dada akakaa kizingitini. "Nani aliingia chumbani kwangu?"

Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi. "Mie, mwanangu. Sijui kusoma, nikadhani zile za kutupa."

Dada ikabidi arudie mwaka, akahama. Mtaa ukambandika bibi jina, Bi Dodoso. Nimepigana na watoto wa watu kwa jina hilo, mmoja nilimng'oa jino, na sijutii mpaka leo.

Bibi hayupo tena. Nyumba yetu imekuwa hosteli ya ghorofa, wanachuo wanasoma kwenye simu, na mitihani ikianza hakuna anayezima muziki. Lakini dada, popote ulipo, bibi hakugusa karatasi zako. Ilikuwa rahisi kumwamini kwa sababu kweli hakujua kusoma.

Mie nilijua. Ya juu kabisa iliuliza, "Ulianza lini kazi hii?" Mchinjaji kajibu, "Wiki aliyofariki baba." Niliisoma yote, taratibu, ndo nikaisokota.