Kola za Siku Asizokuwepo

Fundi Kola, kama walivyomwita pale kiwanda cha mashati, alikuwa na mikono ya mbio na mdomo wa mbio zaidi. Kwa miaka mingi walilipwa kwa kipande: umeshona, umekula, hukushona, shauri yako. Ndiyo maana alipojifungua binti yake wa pekee, alirudi kwenye cherehani kitovu cha mtoto hakijadondoka. Jambo hilo lilimuuma hadi leo.

Sasa binti huyo naye alikuwa mjamzito, na siku zilikuwa zimekaribia. “Mama, utakuja?” aliuliza kwenye simu.

“Nisije nina wazimu?” alijibu, huku akihesabu vipande atakavyovikosa.

Bahati nzuri sheria ilikuwa imebadilika. Kila mfanyakazi sasa alitakiwa kuwa na mshahara wa mwezi, vipande vihesabiwe kama nyongeza, na likizo iwe ya malipo. Msimamizi aliwatangazia, wenzake wakapiga vigelegele. Fundi Kola aliguna tu. Ulipwe umekaa? Hayo ni mambo ya wakubwa.

Likizo aliomba, lakini hakujiachia. Saa za chakula wenzake wakitoka, yeye anashona. Kola za ziada alizisokomeza kwenye mfuko chini ya benchi, akapatana na jirani yake wa cherehani awe anazitoa kidogo kidogo, ili aonekane bado yupo kwenye hesabu.

Msimamizi akaufuma mfuko.

“Mama, na wewe unatuibia?”

“Niibe kola, shati nitoe wapi?” alifoka. “Hizo ni za siku nitakazokuwa sipo!”

Msimamizi, kijana wa watu, alicheka mpaka akatafuta kiti. “Siku hizo zina malipo yake, mama. Nisipokulipa, nashtakiwa mimi. Hizi nakuhesabia leo, nyongeza yako. Nenda kwa mwanao.”

Alikwenda, ila kuamini hakuamini. Mwisho wa mwezi alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mjukuu mkononi, simu ilipolia. Binti alimsomea ujumbe: mshahara umeingia, wote, na nyongeza juu.

Fundi Kola akaangua kilio.

“Mama, vipi tena? Si habari njema?”

“Njema, mwanangu. Ila wewe alikuogesha bibi yako. Mimi nilikuwa nashona.”

Binti akamsogezea maji ya uvuguvugu. “Basi muogeshe taratibu, mama. Hakuna anayekukimbiza.”