Bomba la Mzee

Bomba la jikoni kwetu lilikuwa na adabu zake. Ukilizungusha hivi hivi halikusikii. Ulinyanyue kidogo, ulisukume ukutani, ndipo lifunguke. Baba alikuwa amelifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli na nyuzi za katani, tabaka juu ya tabaka, mpaka shingo yake ikanenepa kama ya mtu mwenye mafua aliyejiviringisha mtandio. Wageni waliliogopa. Mama na baba walilijua walivyojuana wao kwa wao.

Nyumba yetu iko Kariakoo upande wa Gerezani, moja ya zile za zamani zilizobaki katikati ya maghorofa, na maji yanakuja kwa mgao. Kwa hiyo yakikatika, bomba hatulifungi. Tunaliacha wazi, tunaweka sufuria tupu chini yake, na yakirudi sufuria inalia. Ikilia, mama huita kutoka chumbani, "Mzee, maji yametoka." Baba huitika, "Naam," anakuja na ndoo zake. Mama alimwita Mzee tangu hajaota mvi hata moja. Na ole wako umwage maji mbele ya baba. Kikombe kimoja tu kikimwagika, utasikia habari zake mpaka Ijumaa ijayo.

Baba alifariki mvua zilipoanza. Mama akaingia edani, nami nikaiacha meza yangu ya viatu vya mitumba Mchikichini nikaja kukaa naye, maana mtoto ni mimi peke yangu. Msibani mama hakulia. Watu walimsifu kwa subira. Mimi subira ile sikuipenda. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na ukimsemesha alikujibu neno moja. Shangazi, dada yake baba, aliniambia kilio kisipotoka hutafuta pa kukaa ndani. Nilimwamini, nikaogopa sana. Niliona nitazika wawili.

Asubuhi moja naosha vyombo, mkono wa bomba ukanibakia kiganjani. Maji yakaruka mpaka kwenye dari. Nilikimbia nje kufunga koki ya kwenye mita, nikarudi nimelowa chapachapa, nikamwambia mama naenda kumwita fundi wa pale kona.

"Mwanaume wa kando haingii humu," akasema.

"Mama, dini haikatazi. Utakaa chumbani, nitafunga mlango."

"Dini naijua kabla yako. Sitaki."

Nilikasirika. Nilitoka nikinung'unika kwamba sasa tutakunywa subira. Nilipofika barabarani ndipo nikaelewa kwamba eda ilikuwa nusu tu ya sababu. Hakutaka mikono ya mtu mwingine ishike pale aliposhika baba. Basi itabidi iwe mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa haijawahi kushika spana.

Gerezani muuza vifaa aliniuliza, "Mambo, dada?"

"Poa. Nataka bomba la jikoni, la ukutani, nusu inchi."

"Si ungemwacha shemeji aje achague mwenyewe?"

"Shemeji yako nilimrudisha kwao."

Alicheka, akanichagulia moja zito linalong'aa, akatia na tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi za bomba. Akanionyesha kwa kidole tepu inaelekea wapi. Nilisema nimeelewa.

Spana ya baba ilikuwa kwenye kisanduku chini ya kitanda cha mama. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuomba. Mama alinitazama mikono, akainama mwenyewe, akakivuta.

Bomba la zamani halikutaka kutoka. Nilivuta mpaka viganja vikaniwaka. Nikasikia nyuma yangu, "Usilazimishe. Likaze kwanza kidogo, halafu ndiyo ulegeze." Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na nguo zake nyeupe za eda. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Miaka yote alikuwa ndiye mshika tochi wa baba, na kumbe kazi ilikuwa kichwani mwake yote.

"Anza na Bismillahi," akasema. "Yeye alianza na Bismillahi, akamalizia na matusi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini alivuta kigoda akaketi. Nikakaza, nikalegeza, bomba likalia, likatoka na mipira yake yote. Nilitaka kulitupa kwenye ndoo ya taka. Mama alinyoosha mkono, akalipakata mapajani.

Tepu niliizungusha kinyume, pamoja na kuelewa kwangu kote. Nilipofungua maji, yakatiririka ukutani. Nikaanza upya.

"Hata yeye mara ya kwanza hakupatia," mama akasema. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia wiki nzima.

Mara ya pili halikuvuja hata tone. Maji yalipokatika jioni nililifunga kabisa, nikalifuta kwa kitambaa, najiona fundi.

"Ukilifunga tutajuaje maji yametoka?" mama akauliza.

Nikalifungua. Nikaweka sufuria chini yake, mahali pake pa siku zote.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilikuwa nafagia ukumbini. Bomba jipya likakohoa, likatema hewa, na maji yakapiga sufuria. Mlio ulikuwa ule ule wa zamani.

"Mzee, maji yametoka," mama akaita.

Sauti haikuwa ya huzuni. Ilikuwa sauti yake ya kila asubuhi. Nilisimama na ufagio wangu, na ingawa ni upumbavu kusema hivi, nilingoja. Nilimngoja baba aitike. Nyumba nzima ilikaa kimya, isipokuwa jikoni.

"Abee, mama," nikasema mwishowe, kwa sababu mtu akiita lazima aitikiwe.

Nilipoingia chumbani alikuwa bado ameketi kwenye mswala, ameshika mdomo wake kwa kiganja.

"Nimemwita," akasema.

"Nimesikia, mama."

"Hajaitika."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakikutoka siku ile ya mazishi, akinishika nguo kifuani kama mtu anayezama, nami nikalia naye. Jikoni sufuria ilijaa, ikafurika. Tuliyasikia maji yakimwagika sakafuni, yakishuka kuelekea uani, na hakuna kati yetu aliyeinuka kwenda kufunga.