Upande wa Ukutani

Dada yangu ni dobi wa hospitali. Kutwa anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, na kama kuna mtu anayelijua shuka, ni yeye. Ndiyo maana mpaka leo nakereka nikikumbuka kwamba kitanda ndicho nusura kimnyang'anye mume.

Shemeji ni mtu wa nje. Mtaani wanamwita Mgeni, ingawa amekaa hapa miaka mingi kuliko wengi wanaomwita hivyo. Dada ndiye aliyemdhamini apate ukaazi wa kudumu, na kumdhamini mtu, kwa taarifa yako, ni kuzeekea kwenye benchi. Leo picha ina kivuli, kesho mhuri wa cheti cha ndoa hausomeki, kesho kutwa mhusika yuko likizo. Walipigwa danadana hadi dada akawa anasinzia palepale ofisi ya uhamiaji, kichwa begani kwa mumewe, nami shahidi wao nimewashikia bahasha.

Bila kibali, shemeji hakupata kazi ya maana. Tanuri moja tu la mikate lilimkubali, tena zamu ya usiku. Akawa anarudi asubuhi, unga mpaka kwenye kope, dada yuko mlangoni anatoka. Wanapeana ufunguo na salamu, basi. Tanuri halikumpa shemeji usiku wa mapumziko hata mmoja, na siku za mapumziko za dada ziliishia kufuatilia karatasi.

Hatimaye wakaitwa kwenye mahojiano, kila mtu chumba chake. Majibu yasipolingana, ndoa inahesabiwa ya kuigiza, na mume anarudishwa kwao. Walipotoka wakaelezana walichoulizwa. Mumeo anakoroma? Dada alijibu bila kusita kwamba hakoromi, na shemeji naye alisema hajawahi kuambiwa kwamba anakoroma. Hapo walau walikubaliana. Nani hulala upande wa ukutani? Dada alisema ni yeye. Shemeji naye alisema ni yeye. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili, watu wazima kushindwa jambo dogo namna ile.

"Lakini ndivyo tunavyolala," dada alisema, amechoka hata kujitetea.

Asubuhi moja afisa akafika kwao bila taarifa. Nami nilikuwa nimepita kuazima pasi. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole kwa namna ya kutia hofu. Akaomba radhi, akafunua shuka. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limebonyea. Wa nje umeinuka kana kwamba limenunuliwa jana.

"Hapa analala mtu mmoja, mama," akasema.

Dada alikuwa ameshavaa viatu, mkoba begani. Alilivuta lile shuka akalitandika upya, kona kwa kona, kama afanyavyo kazini.

"Wawili, baba. Ila kwa zamu. Nikitoka mimi, anaingia yeye."

Afisa akauliza, sasa wao wanakuwa pamoja wakati gani.

"Tukija ofisini kwenu," dada akasema. "Pale kwenye benchi."

Mlango ukafunguliwa, shemeji akaingia na mkate chini ya kwapa, unga umemjaa kichwani. Kwa mazoea akanyoosha mkono apewe ufunguo, ndipo akamwona afisa, akasimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Afisa alimtazama, akatazama godoro, kisha akafunga jalada lake na kutuaga.

Kadi ilitoka, kwa kuchelewa kama mambo yao yote. Shemeji akapata kazi ya mchana. Siku iliyofuata nikampitia dada kazini, nikitegemea kumkuta anang'aa. Nikamkuta macho mekundu, anakunja mashuka polepole. Nikamuuliza kulikoni.

Akaniambia jana usiku walisimama mbele ya kitanda, kila mmoja anajisogeza ukutani, wakaoneana haya. Dada akamwachia mumewe. Yeye akalala upande wa nje na hakupata hata lepe la usingizi.

Nikamuuliza kama ni ugumu wa godoro.

"Anakoroma," akasema. "Miaka yote hii, mdogo wangu. Mume wangu anakoroma na mimi sikujua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikashika ncha za upande wa pili wa shuka, tukakunja.