Joviana na Antena Mbili

Miaka kumi na mmoja sasa, tangu Joviana ashike usukani wa lori la kahawa, wanaume wa Kayanga wanasubiri aanguke. Amewachosha. Masika yote anashusha magunia ya Ihembe kwenye utelezi ambao wengine huukimbia, na hajawahi kulaza gari. Kwa hiyo asubuhi ile bosi wetu, Abdulghani, alipomtaka arudishe funguo mbele yetu sisi wapakiaji, nilijua patachimbika.

"Kifaa kinasema wiki nzima unaendesha gari limelalia kushoto," alisema bosi, simu mkononi. "Digrii nane. Utaua mtu. Kazi basi."

Kifaa hicho kina antena mbili juu ya kabini, kushoto na kulia. Zote hupokea mawimbi ya setilaiti, na tofauti ndogo kati yake ndiyo hukionyesha gari limeelekea wapi na limeinamia upande gani.

"Shikamoo kwanza, bosi," Joviana alijibu. "Funguo sitoi."

Akaliingiza lori kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa. Akaazima pima maji ya fundi mwashi, akailaza sakafuni, kisha juu ya bampa. Kiputo kikatulia katikati.

"Soma simu yako sasa."

Digrii nane, kushoto.

Joviana akapanda juu ya kabini. Antena ya kushoto ilikuwa mahali pake. Ya kulia ilikuwa imenata kwa sumaku yake kwenye bomba la keria, shubiri nzima juu ya mwenzake.

"Nani alipanda huku?"

Abdulghani akainamisha kichwa. Kwetu mkungu wa ndizi wa kupeleka ukweni haulali na magunia. Hukaa juu, uonekane. Jumapili alilichukua lori mwenyewe kwenda kwa wakwe zake Igurwa, akaihamisha antena ili mkungu ukae vizuri, akaisahau.

"Yaishe, dada. Twende ofisini tuzungumze."

"Umeniaibisha hapa. Zungumza hapa."

Bosi akakiri kosa kwa sauti ndogo. Joviana akamwambia aongeze sauti, naye akaongeza. Nilifurahi, sifichi.

"Basi king'olewe hicho kifaa," bosi akasema kwa hasira.

"Haking'olewi." Joviana alikuwa ameshairudisha antena mahali pake. "Miaka yote hii neno langu halikutosha. Sasa nimepata shahidi, unataka kumfukuza?"

Akashuka, akawasha lori, akaenda Ihembe.